Sinia Lilimtangulia Mpishi

Mokowe ni mji wa kupita. Basi la Mombasa hukomea hapa, mizigo ikateremshwa, na anayekwenda Amu, yaani mji wa Lamu, akashuka gatini kutafuta boti. Anayemngoja mwenzake, au anayengoja boti ijae, huingia hotelini akaagiza chai. Hoteli kwa Kiswahili cha Pwani ya Kenya si lazima iwe na kitanda. Ni mahali pa kula kwa pesa, hata liwe banda la makuti lenye mabenchi mawili, birika na karai la mahamri. Miji ya namna hii haiandikiwi historia. Waandishi huvuka wakaenda kwenye majumba ya mawe ya Amu na magofu ya Takwa, na Mokowe ikabaki mstari mmoja katika maelezo ya safari. Lakini anayetaka kujua wageni wamefanya nini katika pwani hii atapata mengi katika banda la chai kuliko katika gofu, kwa kuwa gofu humtaja aliyetawala, na banda humtaja aliyelisha. Makala haya yanaadhimisha taasisi hiyo, na hasa tawi lake moja ambalo halitajwi katika mazungumzo ya Lamu: mkahawa mdogo wa familia ya Kichina. Wachina wanakumbukwa hapa kwa mambo mawili, jahazi lililovunjika zamani na bandari iliyojengwa juzi, na yote mawili ni kazi za dola. Dai langu ni kwamba Mchina anayestahili kumbukumbu Pwani ni yule aliyekuja bila dola nyuma yake, akawasha jiko na kuacha mlango wazi, na kwamba tumemnyima nafasi hiyo kwa sababu tunapenda mno hadithi za wakubwa.

Ushahidi uanzie mezani. Neno sinia tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni Sini, yaani Uchina. Sinia ni kitu cha Kichina. Mama anayemimina mchanganyiko wa unga wa mchele na tui akaoka mkate wa sinia anaitaja Uchina kila apikapo, na hajui, wala si lazima ajue. Chai nayo ni neno la Kichina lililopita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika kwetu. (Waingereza na Wafaransa, waliolipata jani hilo kupitia biashara ya Waholanzi na watu wa Fujian, wakaliita kwa matamshi ya Fujian, sisi, Warusi na Waturuki tukaenda na matamshi ya upande mwingine.) Vyombo vyenyewe ni vya kale. Neville Chittick alipochimba Manda, kisiwa jirani na Amu, alikuta vigae vya Kichina katika tabaka za karne ya 9 na ya 10. Mark Horton aliyechimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 alikuta vivyo hivyo. Kwenye nguzo ya kaburi la Mambrui mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika chokaa, na katika nyumba za mawe za Amu sahani za kauri zilipangwa kwenye zidaka za ndani, kwa urembo na kwa imani kwamba kauri hulipokea jicho baya ikapasuka yenyewe kabla ya mwenye nyumba kudhurika. Mwaka 1955 mwanaakiolojia wa Uingereza Mortimer Wheeler, baada ya kuitembelea pwani ya Tanganyika, alisema kwamba historia ya nchi hiyo tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri za Kichina. Alitia chumvi, lakini hakuwa mbali.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Sahani haisafiri na aliyeifinyanga. Vyombo hivyo vilipita mikono mingi, wachuuzi wa bandari za Ghuba na za Bara Hindi, kisha mabaharia wa kaskazi, ndipo vikashushwa Manda au Shanga. Mla wali wa Shanga aliyekuwa na bakuli la Kichina hakuwa na sababu ya kumjua Mchina, kama sisi tusivyomjua aliyeshona viatu vyetu. Kwa karne kadhaa, basi, Uchina ilikuwa mezani Lamu na Mchina hakuwepo. Chombo kilifika, mpishi hakufika. Tofauti hiyo naishika kama kipimo katika makala yote: mgeni hahesabiwi kuwa amefika kwa bidhaa yake kufika, anahesabiwa siku anapopika, mwenyeji akaonja, na kesho yake mwenyeji akarudi.

Mabaharia wa Zheng He walikikaribia kipimo hicho wasikifikie. Misafara yake saba ilikwenda kati ya 1405 na 1433, baadhi ikafika Afrika Mashariki, na twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Ming mwaka 1415. Sarafu ya enzi ya mfalme Yongle ilipatikana Mambrui mwaka 2010, na nyingine Manda mwaka 2013. Juu ya mifupa hiyo michache imewekwa nyama nyingi. Watu wa Pate wanasimulia kwamba jahazi la Kichina lilivunjika karibu na Shanga, manusura wakafika nchi kavu, wakasilimu, wakaoa, na uzao wao ukahamia Siyu. Mwaka 1999 simulizi hilo lilitangazwa na New York Times. Mwaka 2005, ambao Uchina iliusherehekea kama mwaka wa 600 tangu msafara wa kwanza wa Zheng He, binti mmoja wa Siyu alipelekwa huko kusomea tiba ya Kichina, akipokewa kama mzao wa mabaharia wale. Muda si mrefu watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking wakaungana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuchimba pande za Malindi na Mambrui. Simulizi la kijiji lilikuwa limekaa kijijini vizazi na vizazi bila mtu wa nje kulishughulikia. Lilipokutana na haja ya serikali mbili zilizotaka kuonyesha kwamba urafiki wao ni wa kale, lilipata miguu ghafla.

Mtu wa Siyu ataona namdharau babu yake. Sivyo, na jambo hili linafaa kupimwa kwa haki. Ile sehemu ya simulizi inayosema kwamba jina Shanga limetoka Shanghai haisimami, kwa sababu Horton alikuta chini ya msikiti wa ijumaa wa Shanga tabaka za misikiti midogo zinazorudi hadi karne ya 8, miaka zaidi ya 600 kabla ya Zheng He. Na mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, yaani wakati uleule unaodaiwa kuwa wa kuzaliwa kwake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, ambao ulichunguza mifupa ya makaburi ya kale ikiwemo ya Manda na Faza, ulikuta asili ya Kiafrika na ya Kiasia zimechanganyika, na ile ya Asia sehemu kubwa ni ya Uajemi. Hata hivyo mabaharia ishirini wanaweza kuingia katika mji na wasionekane katika mifupa ya wengine, kwa hiyo simulizi la kuvunjikiwa laweza kuwa la kweli tupu. Malalamiko yangu ni mengine. Hata likiwa la kweli, ni habari ya watu walioyeyuka. Simulizi lina jahazi, lina nyoka mkubwa waliyemuua ndipo wakakubaliwa kukaa, lina ndoa na ukoo, halina chungu. Hakuna anayesimulia walipika nini, wala mwenyeji gani alionja kwao. Walikula vya wenyeji wakawa wenyeji, nalo ni jambo jema, ila halizai taasisi.

Wachina waliokaa kwa jiko lao tunawapata Unguja. Mtafiti Elisabeth Hsu aliandika mwaka 2007 kwamba ni makosa kuzungumzia jamii moja ya Wachina Zanzibar, kwa kuwa zipo kadhaa na hazifanani: familia zilizofika tangu miaka ya 1930, madaktari wanaotumwa na mkoa wa Jiangsu tangu 1964, na wafanyabiashara wapya wa miaka ya 1990. Madaktari wanajulikana na kila mtu, na wanastahili. Wana hospitali, wana mikataba, wana picha za viongozi wakipeana mikono. Familia za kwanza hazina picha za namna hiyo. Ziliivuka bahari kwa ajili ya bahari, kufuata majongoo na mapezi ya papa, vitu ambavyo mzamiaji wa Pwani huvitoa majini, akavichemsha na kuvikausha bila yeye mwenyewe kuvila, kwa sababu mlaji yuko Guangzhou na Hong Kong. Ni biashara ya ajabu ukiifikiria. Mnunuzi anaketi katikati ya watu wanaomuuzia chakula wasichokila, naye mwenyewe lazima ale. Atapika. Harufu ya kitunguu saumu na tangawizi itatoka dirishani, na katika mitaa ya Mji Mkongwe harufu haina siri. Mkahawa wa Pagoda wa Mji Mkongwe ulikaa miaka mingi katika vitabu vya kuongoza watalii kama mkahawa wa familia ya Kichina ya hukohuko Unguja, yenye Kiswahili chake. Mombasa ilikuwa na Chinese Overseas katika Barabara ya Moi, karibu na yale mapembe ya ndovu. Nairobi ikawa na Pagoda nyingine, na Hong Kong, na Tin Tin katika jengo la KICC, zote kabla hata ya mtu kuota reli ya SGR.

Msomaji mgumu ataniambia kwamba mkahawa ni biashara tu, na biashara ikifa imekufa. Taasisi ni shule, msikiti, mahakama. Hoja hii ni nzito kidogo, na jibu lake liko mbali na Lamu, katika nyika za Kanada na Marekani, ambako mkahawa wa Kichina wa mji mdogo ulikomaa kabla ya kwingine kote. Marekani iliwafungia mlango vibarua wa Kichina kwa sheria ya 1882. Kanada ilianza kuwatoza Wachina kodi ya kichwa mwaka 1885, dola 50. Kufikia 1903 ilikuwa dola 500, fedha za kumfilisi mtu. Kisha kati ya 1923 na 1947 ikawazuia karibu wote. Waliokwisha kuingia walifungiwa kazi nyingi, wakabaki na kufua nguo na kupika. Mwaka 1915 uamuzi wa mahakama Marekani ulifungua upenyo: mwenye mkahawa akaweza kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara aliruhusiwa kwenda na kurudi na kuleta jamaa. Mikahawa ikaongezeka kwa kasi. Haikuongezeka kwa sababu Wachina wamezaliwa wapishi, kama watu wanavyopenda kusema. Sheria iliwasukuma jikoni, nao wakaligeuza jiko kuwa hati ya kusafiria. Mjomba alimwita mpwa, mpwa akaosha vyombo hadi akajua kazi, akahamia mji wa pili kwenye reli akafungua wa kwake. Kitu chenye kanuni zake, chenye njia ya kurithisha kazi, kinachomwezesha mtu asiyejua lugha kupata mkopo, kitanda na mke katika nchi inayomkataa, sijui tukiite nini kama si taasisi.

Na tazama ilikaa wapi. Ilikaa kwenye miji ya aina ya Mokowe, pale treni inaposimama, ghala la ngano likaonekana kwa mbali, na wapitaji wakashuka na njaa. Mkahawa wa Kichina wa mji kama Outlook, katika jimbo la Saskatchewan, uliuza mayai, mkate na nyama ya kukaanga kwa wakulima wa Kizungu. Tambi zilikuwa za familia, nyuma. Cheuk Kwan, mtengeneza filamu Mchina wa Kanada, alizunguka dunia kuipiga picha mikahawa hii, kutoka Outlook hadi Mauritius na Madagaska, na jambo linalojitokeza katika kazi yake ni kwamba chakula hubadilika kila mahali lakini meza ya nyuma haibadiliki. Mtoto huandika kazi za shule kati ya magunia ya vitunguu huku mzazi akihesabu chenji.

Madagaska ndiko funzo linapotukaribia. Wengi wa Wachina wa huko walitoka wilaya ya Shunde, katika Guangdong, wakakaa hasa pwani ya mashariki, Toamasina na viunga vyake, wakiuza dukani na kununua mazao ya wakulima. Leo supu ya Kichina na misao, yaani tambi za kukaanga, ni chakula cha Wamalagasi wenyewe, kinachopikwa na kuliwa na watu wasio na tone la damu ya Kichina, tena katika vibanda ambavyo Kimalagasi kinaviita hotely. Ni neno letu lilelile, lenye maana yetu ileile ya Pwani. Mauritius nako tambi na vidonge vya nyama au samaki vya Wahakka huuzwa barabarani na Waislamu na Wahindu, na wazee bado wanazungumzia lile duka la Mchina lililokuwa na daftari la mkopo, ambamo kibarua wa mashamba ya miwa aliandikiwa mchele hadi mwisho wa mwezi. Zheng He hakuacha sahani moja ya chakula katika Bahari ya Hindi ambayo mtu anaweza kuiagiza leo. Wenye maduka wa Toamasina waliacha.

Hapa nitakatizwa tena, na safari hii kwa haki: mambo haya yote yako Unguja, Kanada na Madagaska, Mokowe yanaihusu nini? Yanaihusu kwa sababu Mokowe inayo taasisi hiyohiyo, ila kwa majina mengine. Kula nje ya nyumba si desturi ya asili ya mstaarabu wa Pwani. Mgeni hulishwa nyumbani. Kutafuna hadharani kulihesabiwa ukosefu wa adabu, na aliyekula kwa pesa alikuwa baharia, hamali au mtu asiye na jamaa mjini. Waliomhudumia mtu huyo walikuwa wageni kama yeye. Neno mkahawa limeibeba kahawa tumboni mwake, na kahawa tuliletewa na watu wa Yemeni; Washihiri wa Hadhramauti ndio waliobeba maji na mizigo katika miji ya Pwani, wakatembeza buli la kahawa, wakakusanya senti hadi wakapata kibanda, kisha duka. Waliita jamaa kutoka kwao, jamaa wakalala dukani, wakajua Kiswahili kwa kupunja na kupunjwa. Ukiondoa lugha na dini, maisha yao ni yale ya Mchina wa Saskatchewan. Waliofuata kutoka bara, waliopika chapati na maharagwe kwa wafanyakazi na wasafiri wa barabara ya Garsen, wameendeleza kazi ileile. Kwa hiyo anayeadhimisha mkahawa wa Kichina haletei Mokowe hadithi ya kigeni. Anaipa kioo.

Tena kuna bandari. Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir na waziri mkuu Meles Zenawi waliuzindua mradi wa LAPSSET, ambao bandari ya Lamu ni sehemu yake. Kampuni ya serikali ya Uchina, China Communications Construction Company, ikapewa kujenga magati matatu ya kwanza pande za Kililana na Magogoni, si mbali na Mokowe, kwa takriban dola milioni 480. Na tarehe 20 Mei 2021 meli za kwanza zikatia nanga mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Magati hayo matatu yana urefu wa mita 1,200 kwa jumla. Ni kazi kubwa na imara, na si haki kuibeza kwa sababu tu imejengwa na mgeni. Lakini kwa kipimo cha jiko, haijaleta Wachina Lamu. Imeleta wafanyakazi wa mkataba, na mfanyakazi wa mkataba hula jiko la kambi. Tanzania iliyaona haya kabla yetu: makumi ya maelfu ya Wachina walifanya kazi ya reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975, wakalima mboga zao kambini, wakapika, wakala, wakarudi kwao. Walioacha mifupa yao wana makaburi ya heshima. Mikahawa hawakuacha, maana hawakuruhusiwa kuwa na familia wala duka, na serikali yao ilijivunia jambo hilo kama ushahidi kwamba hawakuja kuchuma. Kampuni ya leo imekuja kuchuma waziwazi, ila haina familia pia. Wavuvi wa Lamu walilazimika kwenda mahakamani ndipo Mahakama Kuu, mwaka 2018, ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyopoteza. Mwenye mkahawa huwezi kumshtaki namna hiyo, wala huhitaji. Akikukosea, unahamia hoteli ya pili, naye anajua.

Si kwamba kila mkahawa wa Kichina ni malaika. Mwaka 2015 mmoja jijini Nairobi ulishutumiwa kwa kuwazuia Waafrika kuingia jioni; umma ulipiga kelele, ukafungwa, na mhusika akafikishwa mahakamani. Wapo watakaouchukua mfano huo kuwa ndio ukweli wote, na kusema kwamba mkahawa nao ni kambi yenye meza. Mimi nauona kama ushahidi wa upande wangu. Umma haukukasirishwa hivyo na kuta za kambi za ujenzi, ambazo nazo hazimwingizi mpita njia, kwa sababu hakuna aliyetegemea kambi iwe wazi. Mkahawa watu waliutegemea. Walijua, bila kufundishwa na mwanazuoni yeyote, kwamba anayeandika "karibu" mlangoni amefunga ahadi na mtaa mzima, na walimshika kwa ahadi hiyo. Jengo lisilo na wajibu wowote kwa jirani lisingeudhi mtu kiasi hicho.

Swali la uhalali wa chakula ni la lazima kwa Lamu, nalo halina ugumu unaodhaniwa. Wahui, Waislamu wa Uchina, wana mikahawa yao ya halali yenye alama mlangoni, na zile tambi za Lanzhou za nyama ya ng'ombe zinazoliwa Uchina nzima ni pishi lao. Zheng He mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, na baba yake alijulikana kwa jina la Haji. Ni ajabu kwamba katika sherehe zote zile za kumtukuza hapa kwetu hakuna aliyeona hilo kuwa daraja fupi kuliko jahazi. Visiwa hivi vina samaki, kaa, kamba na mchele, na mpishi wa Guangdong hahitaji zaidi ya hapo kufungua mlango. Kinachohitajika ni leseni isiyomzungusha miezi, nyumba ya kupanga, na hakika kwamba barabara itapitika. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, mabasi ya Lamu yalisafiri miaka kwa ulinzi na misafara, na hakuna anayewekeza sufuria zake mahali ambapo mlaji hajui kama atafika. Hoteli za wenyeji zilistahimili miaka hiyo, na uvumilivu huo nao haujaandikwa popote.

Ndiyo maana ombi langu la mwisho siwapelekei Wachina. Nawapelekea watu wa Mokowe, na ofisi za kaunti zilizo hapohapo mjini. Makumbusho ya Lamu yana vyombo vya kauri. Karibu na sahani moja liandikwe neno sinia na asili yake, na karibu yake itajwe kazi ya wale waliopika Unguja, Mombasa na Toamasina, ili mtoto wa shule ajue kwamba Uchina iliingia nyumbani kwao kupitia meza kabla ya kupitia bandari. Pale gatini kazi ni nyepesi zaidi. Barabara ya lami imefika, majengo ya saruji yanapanda, na vibanda vya zamani vinaondolewa kimoja kimoja. Wazee wanaokumbuka nani alikuwa na hoteli gani, alitoka Shihiri, Siyu, Witu au Murang'a, aliuza nini, alimkopesha nani na nani alimrithi, bado wanakaa barazani na wanapenda kuulizwa. Waulizwe, kwa majina na kwa miaka, kabla ya bulldoza. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha kuanzia.